Uwiano wa Nguvu ya Maunzi na Unafuu wa Bei katika Konsoli za Michezo ya Video: Uchunguzi Kifani wa PlayStation 3, Wii na PlayStation 4

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna watengenezaji wa konsoli za michezo ya video wanavyosawazisha mambo mawili yanayovutana, yaani nguvu ya maunzi na unafuu wa bei. Konsoli tatu zimechunguzwa: PlayStation 3 na Wii za mwaka 2006, na PlayStation 4 ya mwaka 2013. Hoja kuu ni kwamba mvutano huo hautatuliwi kwa kutafuta kiwango cha katikati kati ya mashine ghali na mashine rahisi. Hutatuliwa kwa kuamua ni gharama ipi ibebwe na nani, na kwa wakati gani: mtengenezaji siku ya kuuza, mtunzi wa michezo wakati wa kuandika programu, au mnunuzi katika miaka inayofuata. Makala inahitimisha kwa kuonesha kwamba utaratibu uliowezesha bei za konsoli kushuka kadiri miaka inavyopita umedhoofika tangu mwaka 2020, na kwamba athari yake inawaangukia zaidi wanunuzi wenye kipato kidogo.

1.0 Utangulizi

Konsoli ni kompyuta iliyofungwa. Mmiliki wa kompyuta ya kawaida anaweza kuongeza kumbukumbu mwaka huu na kubadilisha kadi ya picha mwaka ujao. Mmiliki wa konsoli hupokea kifaa ambacho kila sehemu yake imekwisha kuamuliwa kiwandani, na ambacho kitabaki hivyo kwa miaka sita, saba au zaidi. Uthabiti huo ndio fadhila kubwa ya konsoli, kwa kuwa mtunzi wa mchezo anaijua barabara mashine anayoiandikia programu yake. Hata hivyo, uthabiti huohuo ndio chanzo cha mgogoro unaojadiliwa hapa. Mbunifu akichagua maunzi dhaifu, mashine hupitwa na wakati mapema. Akichagua maunzi yenye nguvu kupita kiasi, bei huwafukuza wanunuzi, na mahali pasipo na wanunuzi watunzi wa michezo hawaendi.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Historia ya konsoli ina mifano mingi inayoelekea kuunga mkono kauli hiyo. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo ilitoa Game Boy, mashine ya mkononi yenye skrini ya rangi nne tu za kijivujivu, iliyouzwa Marekani kwa takribani dola 90. Mwaka huohuo Atari ilitoa Lynx, yenye skrini ya rangi iliyoangazwa kwa nyuma, kwa takribani dola 180. Lynx iliizidi Game Boy karibu katika kila kipimo cha kiufundi, lakini ilitumia betri sita zilizokwisha baada ya saa chache, ilhali Game Boy ilidumu muda mrefu zaidi kwa betri nne. Game Boy pamoja na Game Boy Color ziliuzwa zaidi ya milioni 118, na Lynx ikasahaulika.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kutokana na mfano huo kwamba bei nafuu hushinda daima. Sehemu zinazofuata zinaonesha kwamba hitimisho hilo halitoshi.

2.0 Mfumo wa Biashara: Hasara Mwanzoni, Mrabaha Baadaye

Ili kuelewa uamuzi wa mbunifu, ni lazima kwanza kueleweka namna fedha zinavyozunguka. Kwa kawaida mtengenezaji wa konsoli hupata mapato kutoka katika vyanzo viwili. Chanzo cha kwanza ni kuuza kifaa chenyewe. Chanzo cha pili ni mrabaha, yaani kiasi ambacho mchapishaji wa mchezo humlipa mwenye konsoli kwa kila nakala inayouzwa. Kwa kuwa chanzo cha pili huendelea kwa miaka mingi, mtengenezaji anaweza kukubali kuuza kifaa kwa bei iliyo chini ya gharama yake, akitarajia kufidia pengo hilo kupitia michezo.

Umuhimu wa utaratibu huu unadhihirika zaidi pale unapokosekana. Mwaka 1993 kampuni ya 3DO, iliyoasisiwa na Trip Hawkins, ilibuni konsoli lakini haikuiunda yenyewe, bali ilitoa leseni kwa kampuni za vifaa vya elektroniki. Panasonic ilikuwa ya kwanza kuiuza, kwa takribani dola 700 nchini Marekani. Mrabaha wa michezo uliiendea kampuni ya 3DO, si Panasonic. Kwa hiyo Panasonic haikuwa na sababu ya kuuza kwa hasara. Ililazimika kupata faida yake yote katika kifaa. Mashine hiyo ilikuwa na uwezo mkubwa kwa wakati wake, lakini bei yake iliiweka nje ya uwezo wa familia nyingi, na uzalishaji wake ulisitishwa baada ya miaka michache tu.

Hata hivyo, utaratibu wa ruzuku hufanikiwa pale tu masharti matatu yanapotimia. Kwanza, pengo kati ya gharama na bei liwe dogo kiasi cha kuzibika kwa idadi ya michezo ambayo mnunuzi wa kawaida hununua. Pili, gharama ya kuunda kifaa iweze kushuka kadiri miaka inavyokwenda, hasa kwa kupunguza ukubwa wa chipu ili kipande kimoja cha silikoni kitoe chipu nyingi zaidi. Tatu, watunzi wa michezo waweze kuitumia nguvu iliyogharimiwa. Vinginevyo fedha zimetumika kununua uwezo usioonekana kwenye skrini. Masharti haya matatu ndiyo yanayotumika kupima konsoli zinazochunguzwa hapa chini.

3.0 PlayStation 3: Nguvu Kwanza

Sony ilitoa PlayStation 3 mwezi Novemba 2006 katika matoleo mawili: la gigabaiti 20 kwa dola 499 na la gigabaiti 60 kwa dola 599. Microsoft, iliyotoa Xbox 360 mwaka mmoja kabla, ilikuwa ikiuza matoleo yake kwa dola 299 na dola 399.

Gharama ya PlayStation 3 ilitokana na maamuzi matatu. La kwanza lilikuwa kichakataji cha Cell, kilichobuniwa na Sony, Toshiba na IBM. Kilikuwa na kiini kimoja cha kawaida na viini vidogo vinane vya kazi maalumu. Katika konsoli, kimoja kati ya hivyo vinane kilizimwa ili chipu zenye kasoro ndogo zisitupwe, na kingine kilitengwa kwa ajili ya mfumo endeshi. La pili lilikuwa kisomaji cha diski za Blu-ray, teknolojia iliyokuwa mpya. Uhaba wa vipuri vya leza ya buluu ulichangia kuahirishwa kwa uzinduzi barani Ulaya hadi Machi 2007. La tatu lilikuwa kuweka ndani ya matoleo ya mwanzo chipu za PlayStation 2, ili michezo ya zamani iendelee kuchezeka.

Kampuni ya utafiti ya iSuppli ilifungua mashine hiyo na kukadiria kwamba vipuri na uunganishaji vilifikia takribani dola 806 kwa toleo dogo na dola 840 kwa toleo kubwa. Kwa makadirio hayo, kila toleo dogo liliacha pengo la dola zipatazo 307, na toleo kubwa dola zipatazo 241, kabla ya kuhesabu usafirishaji na fungu la muuzaji wa rejareja. Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kwamba mrabaha ni dola 10 kwa kila mchezo, mnunuzi wa toleo kubwa angehitaji kununua takribani michezo 24 mipya ili pengo lake lizibwe. Sharti la kwanza halikutimia. Katika mwaka wa fedha wa 2006, kitengo cha michezo cha Sony kilitangaza hasara ya uendeshaji ya zaidi ya yeni bilioni 230.

Sharti la tatu nalo lilikumbwa na matatizo. Kila kiini kidogo cha Cell kilikuwa na kumbukumbu yake ya kilobaiti 256 tu, na mwandishi wa programu alipaswa kupanga mwenyewe data ipi iingizwe, lini, na itoke lini. Kumbukumbu kuu nayo iligawanywa mafungu mawili ya megabaiti 256, moja la kichakataji na jingine la picha, ilhali Xbox 360 ilikuwa na fungu moja la megabaiti 512 linalotumika popote panapohitajika. Kutokana na hali hiyo, michezo mingi iliyotolewa kwa mashine zote mbili ilionekana au kuchezeka vizuri zaidi kwenye mashine iliyokuwa na bei ndogo. Nguvu ilikuwapo, lakini gharama ya kuifikia ilihamishiwa kwa mtunzi wa michezo, ambaye hakuwa na sababu ya kuibeba.

Kilichoiokoa PlayStation 3 ni sharti la pili. Sony iliondoa hatua kwa hatua chipu za PlayStation 2, ikapunguza ukubwa wa Cell, na bei ya visomaji vya Blu-ray ikashuka. Septemba 2009 toleo jembamba lilitoka kwa dola 299, yaani nusu ya bei ya toleo kubwa la mwanzo. Hatimaye konsoli hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 87. Aidha, Toshiba iliachana na muundo shindani wa HD DVD mwezi Februari 2008, na kuwapo kwa kisomaji cha Blu-ray ndani ya kila PlayStation 3 ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Hivyo sehemu ya gharama iliyolaumiwa kwa kupandisha bei ya konsoli ilileta manufaa nje ya soko la michezo. Ni kampuni kubwa yenye shughuli nyingi tu inayoweza kungoja manufaa ya aina hiyo.

4.0 Wii: Bei Kwanza

Wii ya Nintendo ilizinduliwa mwezi huohuo wa Novemba 2006 kwa dola 249.99. Mkondo wake wa fikra ulikuwa na mizizi katika kazi ya Gunpei Yokoi, mhandisi wa Nintendo aliyeongoza uundaji wa Game Boy. Yokoi alitetea matumizi mapya ya teknolojia iliyokwisha kukomaa: teknolojia ambayo bei yake imeshuka, kasoro zake zinajulikana na inapatikana kwa wingi. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1997, lakini mkabala huo uliendelea kuonekana katika bidhaa za kampuni.

Kichakataji cha Wii kilikuwa na kasi ya megahezi 729, na kilikuwa cha ukoo mmoja na kile cha GameCube, konsoli iliyoitangulia, kilichokuwa na megahezi 485. Ongezeko hilo la mara moja na nusu lilikuwa dogo mno kwa kipindi cha miaka mitano. Wii haikuweza hata kutoa picha za ubora wa juu ambazo washindani wake walizifanya kuwa kivutio. Badala yake, fedha na ubunifu vilielekezwa kwenye kidhibiti kinachotambua mwendo wa mkono. Mtu ambaye hajawahi kushika kidhibiti chenye vitufe vingi aliweza kucheza tenisi kwa kupunga mkono.

Kwa kuwa maunzi yalikuwa ya bei ndogo, Nintendo haikuhitaji kutegemea ruzuku kama washindani wake, na sharti la kwanza lilikuwa limekwisha kutimia. Sharti la tatu nalo lilirahisishwa, kwani watunzi waliokwisha kuizoea GameCube walikuta mashine wanayoifahamu. Wii iliuzwa zaidi ya milioni 101, ikazipita PlayStation 3 na Xbox 360.

Hata hivyo, gharama haikutoweka, iliahirishwa. Michezo mikubwa iliyotungwa kwa ajili ya washindani wa Wii haikuweza kuhamishiwa kwake bila kuandikwa upya kwa kiasi kikubwa, hivyo wachapishaji wengi waliiacha kando. Upya wa kidhibiti ulipozoeleka, na kamera na vidhibiti vya mwendo vya washindani vilipotoka mwaka 2010, Wii ilibaki na nguvu ndogo ya kutegemea. Mauzo yake yalipungua kabla ya yale ya washindani wake. Konsoli iliyofuata, Wii U ya mwaka 2012, ilirudia kuweka nguvu nyuma ya kidhibiti cha kipekee, safari hii kikiwa na skrini, lakini kidhibiti hicho hakikuwavuta watu. Iliuzwa milioni 13.56 tu. Kwa hiyo unafuu wa maunzi ulileta ushindi pale ulipoambatana na jambo jipya lililoeleweka kwa haraka. Peke yake haukutosha.

5.0 PlayStation 4: Nguvu Inayofikika

Uundaji wa PlayStation 4 uliongozwa na Mark Cerny, ambaye mwenyewe ni mtunzi wa michezo. Kabla ya kuchagua vipuri, timu yake iliwauliza watunzi wanachohitaji. Matokeo yake yalikuwa kuachana na Cell na kuchukua chipu moja ya AMD iliyounganisha viini vinane vya kichakataji na sehemu ya picha, kwa muundo unaofanana na ule wa kompyuta za kawaida. Fedha nyingi zaidi ziliwekwa mahali pamoja: gigabaiti 8 za kumbukumbu ya kasi kubwa aina ya GDDR5, zinazotumiwa kwa pamoja na sehemu zote za mashine.

Cerny alieleza mwaka 2013 kipimo alichokitumia: muda unaopita tangu timu ya watunzi ianze kazi hadi iwe na programu ya msingi ya kuchora picha kwenye mashine. Kwa PlayStation 3 muda huo ulikuwa miezi sita hadi kumi na miwili. Kwa PlayStation 4 ulikuwa mwezi mmoja hadi miwili. Kipimo hiki ni muhimu kwa mjadala kwa sababu kinaiingiza kazi ya mtunzi wa michezo katika hesabu ya gharama ya konsoli, hesabu ambayo PlayStation 3 iliipuuza.

PlayStation 4 iliuzwa kwa dola 399. Kampuni ya IHS, iliyokuwa imeinunua iSuppli, ilikadiria vipuri na uunganishaji kuwa dola 381. Pengo kubwa la mwaka 2006 lilikuwa limefungwa karibu lote. Xbox One ya Microsoft ilitoka mwezi huohuo wa Novemba 2013 kwa dola 499, ikiwa na kamera ya Kinect ambayo mnunuzi hakuweza kuikataa. IHS ilikadiria gharama yake kuwa dola 471. Sehemu ya picha ya Xbox One ilikuwa na uwezo wa teraflopu 1.31, ikilinganishwa na 1.84 za PlayStation 4. Hivyo mnunuzi aliombwa kulipa dola 100 zaidi kwa mashine yenye nguvu ndogo, kwa kuwa sehemu ya fedha yake ilinunua kamera. Juni 2014 Microsoft ilianza kuuza Xbox One bila Kinect kwa dola 399.

6.0 Majadiliano

Mifano hii inaonesha kwamba neno "nguvu" linabeba maana mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ipo nguvu ya kwenye karatasi, inayohesabiwa kwa megahezi na teraflopu. Ipo pia nguvu inayofikika, yaani ile ambayo timu ya kawaida ya watunzi inaweza kuigeuza kuwa mchezo ndani ya bajeti na muda walio nao. PlayStation 3 ilinunua ya kwanza kwa bei kubwa. PlayStation 4 ilinunua ya pili kwa bei ndogo zaidi.

Vilevile, neno "unafuu" halimaanishi tu tarakimu iliyobandikwa dukani. Mashine inaweza kuonekana nafuu kwa sababu gharama imefichwa. Xbox 360 ilikuwa na bei nzuri mwaka 2005, lakini hitilafu zilizohusishwa na joto zilikuwa nyingi kiasi kwamba mwezi Julai 2007 Microsoft iliongeza muda wa udhamini hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya matengenezo. Gharama ambayo haikulipwa wakati wa usanifu ililipwa baadaye, kwa kiwango kikubwa zaidi.

Kwa msingi huo, swali linalopaswa kuulizwa kuhusu konsoli yoyote ni nani anayebeba gharama, wakati gani, na kama ana uwezo na sababu ya kuibeba. Swali la kama ina nguvu au ina bei nafuu haliwezi kujibiwa pasipo hilo.

7.0 Hali Baada ya Mwaka 2020

Sharti la pili, la kushuka kwa gharama kadiri muda unavyopita, ndilo lililo hatarini sasa. PlayStation 5 isiyo na kisomaji cha diski ilianza kuuzwa Novemba 2020 kwa dola 399. Agosti 2025, takribani miaka mitano baadaye, bei yake nchini Marekani ilikuwa dola 499. Katika muda mfupi zaidi ya huo, PlayStation 3 ilikuwa imepungua bei kwa nusu. Sababu ni zaidi ya moja: kupunguza ukubwa wa transista hakuleti tena nafuu ya gharama kama zamani, na mfumuko wa bei pamoja na ushuru wa forodha wa Marekani vimeongeza mzigo.

Microsoft ilijaribu njia nyingine kwa kutoa mashine mbili kwa pamoja mwaka 2020: Xbox Series X kwa dola 499 na Series S kwa dola 299. Series S ina takribani theluthi moja ya uwezo wa picha wa mwenzake, na gigabaiti 10 za kumbukumbu badala ya 16. Mpango huu ulimpa mnunuzi wa kipato kidogo mlango wa kuingilia, lakini ulimpa mtunzi sharti la kuhakikisha mchezo wake unafanya kazi kwenye mashine zote mbili. Mchezo wa Baldur's Gate 3 ulichelewa kufika Xbox hadi Desemba 2023, na ulipofika, Series S haikuwa na uwezo wa kugawa skrini kwa wachezaji wawili. Hata mlango huo umepanda bei: mwaka 2025 Series S ilifikia dola 399 nchini Marekani.

Athari ya mabadiliko haya haimwangukii kila mnunuzi kwa usawa. Mwenye uwezo hununua siku ya uzinduzi. Asiye na uwezo kwa kawaida hungoja, akijua kwamba muda utamletea bei anayoimudu, ama dukani ama katika soko la mitumba. Katika miji ya Afrika Mashariki, vijana wengi wamezijua konsoli kupitia vibanda ambamo mchezaji hulipia mchezo mmoja au muda maalumu, na mwenye kibanda hugawanya gharama ya mashine kwa wateja wengi. Biashara ya aina hiyo hutegemea mashine za kizazi kilichopita zilizoshuka bei. Bei zisiposhuka, vizazi vya zamani hubaki kazini kwa muda mrefu zaidi, na umbali kati ya anayecheza mchezo mpya na anayecheza wa zamani huongezeka.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba uwiano wa nguvu na bei katika konsoli ni suala la mgawanyo wa gharama. PlayStation 3 iliitwisha kampuni yenyewe na watunzi wa michezo gharama kubwa, ikaokolewa na muda. Wii iliahirisha gharama, ikapata ushindi mkubwa uliofupishwa na udhaifu wa maunzi yake. PlayStation 4 ilipunguza gharama ya mtunzi na ya mnunuzi kwa pamoja, kwa kuchagua muundo unaojulikana na kuwekeza kwenye kumbukumbu. Mafanikio yake, ya zaidi ya mashine milioni 117, yanadokeza kwamba nguvu na unafuu vinaweza kushikwa kwa pamoja iwapo nguvu inayonunuliwa ni ile inayofikika.

Kwa kuwa muda hauwezi tena kutegemewa kuponya bei iliyokosewa, uamuzi wa mwanzo wa mbunifu una uzito mkubwa kuliko ulivyokuwa mwaka 2006. Tafiti zijazo zinaweza kuchunguza namna masoko ya mitumba na vibanda vya michezo yanavyoitikia hali hii, kwa kuwa huko ndiko maana halisi ya neno "nafuu" inakojaribiwa.